Kazi yangu ilikuwa kuua seva

Mwezi wangu wa kwanza kwenye kikundi cha utafiti wa mifumo iliyosambaa nilipewa kazi moja tu: kuua seva. Tulikuwa na mashine tano zinazotunza nakala za data ileile. Niliandika programu ya kuizima moja ghafla, kuuchelewesha ujumbe wa nyingine, kuukata mtandao katikati, kisha kuangalia kama zilizobaki bado zinakubaliana. Nilidhani wanapima uvumilivu wa mgeni. Kumbe huo ndio utafiti wenyewe.

Mfumo uliosambaa ni kompyuta nyingi zinazotakiwa kuonekana kwa mtumiaji kama kompyuta moja. Ugumu wake anaujua yeyote aliyewahi kutuma pesa kwa simu. Umebonyeza, mtandao umekatika, ujumbe wa kuthibitisha hauji. Ukituma tena, huenda ukalipa mara mbili; usipotuma, fundi kasimama mlangoni anakungoja. Seva nazo ni hivyohivyo: mwenzake akinyamaza, haijui kama kafa au kachelewa tu. Mwaka 1985 wanasayansi wa kompyuta Fischer, Lynch na Paterson walithibitisha kihisabati kwamba ikiwa ujumbe unaweza kuchelewa bila kikomo, na hata mashine moja tu inaweza kufa, hakuna algoriti (yaani utaratibu wa hatua kwa hatua ambao kompyuta huufuata) isiyotumia bahati nasibu itakayohakikisha kila mara kwamba mashine zitafikia makubaliano.

Sasa kama haiwezekani, tunalipwa kwa kazi gani? Kwa kutafuta njia zinazofaa karibu siku zote, na zisizodanganya hata siku zinaposhindwa. Mfano ninaoupenda ni Raft, algoriti ya makubaliano, kazi ya Diego Ongaro alipokuwa mwanafunzi wa uzamivu Stanford chini ya John Ousterhout. Wakati huo aliyetaka mashine zikubaliane alielekezwa kwa Paxos ya Leslie Lamport, algoriti iliyoheshimiwa na wengi na kueleweka na wachache. Ongaro na Ousterhout wakajiwekea lengo la ajabu kidogo kwa fani yetu: algoriti inayoeleweka.

Kwenye Raft mashine humchagua kiongozi. Kila moja hujipangia muda wa kumsubiri kiongozi aliyenyamaza, na muda huo hubahatishwa. Makala yao inapendekeza kati ya milisekunde 150 na 300. Ambayo subira yake inaisha kwanza hufungua muhula mpya na kuomba kura. Kwa mashine tano, kura tatu zinatosha. Uchaguzi umekwisha, bila fulana wala pilau.

Halafu wakafanya jambo ambalo watu wa kompyuta hulikwepa: waliwafundisha wanafunzi 43 wa Stanford na Berkeley algoriti zote mbili, wakawapa mitihani. Wanafunzi 33 walipata alama za juu zaidi kwenye Raft. Mwaka 2014 makala hiyo ilipata tuzo ya makala bora kwenye mkutano wa USENIX ATC, na leo etcd, hifadhi ambamo Kubernetes, mfumo wa kusimamia programu kwenye seva nyingi, huweka kumbukumbu zake, inaendeshwa kwa Raft.

Maisha ya kila siku kikundini hayana tuzo. Mara moja kwa wiki tunasoma makala ya watu wengine, na anayeiwasilisha haruhusiwi kuisifu kabla hajatuonyesha inapovunjika. Siku zinazobaki ni za kusaka kasoro. Moja ilinila wiki sita: ilijitokeza mara moja katika maelfu ya majaribio, na ikitokea, muhula mmoja unakuwa na viongozi wawili. Seva ilikuwa inajibu "nimekupigia kura" kabla ya kuiandika kura hiyo kwenye diski. Ikizimwa katikati ya hayo mawili, inaamka haikumbuki kitu, inampigia kura mgombea mwingine. Dawa ilikuwa kuhamisha mstari mmoja wa programu juu ya mwingine. Wiki sita, mstari mmoja! Msimamizi wangu alicheka, akaniambia niandike jinsi nilivyoipata, maana njia ya kuipata ilikuwa na thamani kuliko dawa.

Kuhusu ajira niseme kwa ufupi. Katika nchi nyingi za Ulaya mwanafunzi wa uzamivu kwenye kikundi kama chetu huajiriwa kwa mshahara, kwa miaka mitatu hadi minne au zaidi. Marekani ni mitano au sita. Makala zinapelekwa kwenye mikutano ya fani yetu kama SOSP, OSDI, NSDI au EuroSys, na nyingi hukataliwa. Hata Lamport aliiwasilisha Paxos mwaka 1990 ikachapishwa 1998, basi wewe usilie kwa barua moja. Baada ya uzamivu wengi huenda kwenye kampuni zenye maelfu ya seva. Wachache hubaki chuoni, na nafasi hizo ni finyu kweli.

Nikisoma maombi ya wanaotaka kujiunga nasi, alama za darasani nazipitia haraka. Mwaka jana kijana mmoja alituandikia kuhusu programu aliyoitengenezea duka la shangazi yake: kila umeme ulipokatika, mauzo ya mwisho yalihesabiwa mara mbili. Alikuwa ameichomoa kompyuta ukutani kwa makusudi, tena na tena, usiku mzima, mpaka akajua ni hatua gani hasa inayorudiwa. Nilimpigia simu siku ileile.