Vijiji vya michikichi Indonesia: yanayosemwa na yaliyopo

Sehemu kubwa ya mafuta ya mawese yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam hutoka Malaysia na Indonesia, nchi mbili zinazotoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote duniani. Tunayapikia, tunayafulia yakiwa sabuni ya mche, lakini wanaoishi kule yanakotoka tunawazungumzia kwa namna mbili tu: ama ni matajiri waliotuzidi akili, ama ni watumwa wa makampuni. Vijiji vya Riau, Jambi, Sumatra Kusini na Kalimantan Magharibi, mikoa ya Indonesia yenye michikichi mingi, havifanani na picha yoyote kati ya hizo. Kuvielewa vibaya kunatugharimu hasa sisi tunaohimizana kupanda michikichi yetu wenyewe.

"Mashamba yote ni ya makampuni, mwanakijiji ni kibarua tu."

Serikali ya Indonesia inahesabu zaidi ya hekta milioni 16 za michikichi, na karibu asilimia 40 ya eneo hilo liko mikononi mwa wakulima wadogo. Wengi wao wana hekta mbili.

Hizo hekta mbili zina historia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ilileta mpango ambapo kampuni hupewa shamba kubwa la katikati pamoja na kiwanda, na kuzunguka shamba hilo hupandwa mashamba ya wakulima. Mwaka 1986 mpango huo uliunganishwa na uhamisho wa watu kutoka Java, kisiwa kilichojaa pomoni, kwenda Sumatra na Kalimantan. Familia ilipewa nyumba ya mbao, kiwanja cha kulima chakula, na hekta mbili za michikichi kwa mkopo. Mkopo ulilipwa kwa kukatwa sehemu ya mauzo, kwa kawaida kama asilimia 30, hadi deni liishe na hati ya ardhi itoke. Miaka ya kwanza, wakati miche bado haijazaa, baba na mama walifanya vibarua kwenye shamba la kampuni. Vijiji vingi vya aina hiyo mpaka leo watu huviita kwa namba za makazi walizopewa siku ya kufika, SP1, SP2, SP3, hata kama kijiji kina jina lake rasmi.

Kwa hiyo ukiingia kwenye kijiji cha namna hiyo leo utakuta Wajava, Wasunda, Wamalay wa pale pale na Wabatak waliokuja baadaye kununua ardhi. Msikiti upo, kanisa la Wabatak lipo, na jioni vijana wanacheza voliboli. Akina mama wana upatu wao wa kila mwezi kama walivyo nao akina mama wa Tanga au Bukavu, na kwenye harusi bado kuna ngoma ya farasi wa mianzi iliyotoka Java na wazee.

Lakini dhana hii ina punje ya ukweli, nayo isifichwe. Baada ya mwaka 1998 mikataba ilibadilika. Mahali pengi kampuni ndiyo inayosimamia shamba zima, na mwanakijiji aliyetoa ardhi yake hupokea fungu kila mwezi bila kuona hesabu. Sheria ya mashamba makubwa ya mwaka 2014 inaitaka kampuni isaidie kuanzisha mashamba ya wananchi yanayofikia asilimia 20 ya eneo lake. Ahadi hiyo isipotekelezwa, watu hufunga barabara ya kiwanda, na ugomvi wa aina hiyo umekuwa mwingi. Kuna pia kundi la tatu ambalo takwimu za mikataba hazilioni vizuri: wakulima waliojipandia wenyewe, bila kampuni wala mkopo wa serikali. Hao ndio wengi siku hizi, na ndio wanaoumia haraka bei inapoyumba.

"Mchikichi ni pesa ya kulala: unapanda, unasubiri, unavuna."

Mche hukaa shambani kama miaka mitatu ndipo uanze kuzaa. Ukianza hauna msimu. Huvunwa kila baada ya siku kumi hadi kumi na nne, mwaka mzima, Ramadhani na mvua zikiwemo. Mvunaji hutazama chini kwanza: chikichi kadhaa zilizoanguka zenyewe ndizo zinazomwambia kuwa mkungu umeiva. Mkungu wa mti mfupi hukatwa kwa patasi yenye mpini mrefu. Mti mrefu unahitaji mundu uliofungwa kwenye nguzo, na mkungu unaodondoka kutoka juu kule unaweza kuwa na kilo ishirini na zaidi, na miiba juu yake. Huvutwa kwa toroli hadi kwenye njia, hupakiwa kwenye matenga mawili ya pikipiki, hufikishwa barabarani, hungoja lori.

Hapo ndipo saa inapoanza kuhesabu. Mkungu ukishakatwa, tindikali ndani ya mafuta yake hupanda, na unatakiwa ufike kiwandani ndani ya saa 24 au karibu na hapo. Mkulima wa mahindi anaweza kuweka ghalani akingoja bei. Mkulima wa michikichi hana ghala. Mvua ikikata barabara ya udongo kwa siku mbili, au foleni ya malori kiwandani ikiwa ndefu, mali inaozea barabarani huku yeye akiitazama. Mimi naamini nusu ya uchumi wa vijiji hivi inaelezwa na hizo saa 24: kwa nini anayemiliki lori ana nguvu, kwa nini kiwanda kinaweza kupanga bei, kwa nini barabara huamua uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji.

Tupige hesabu ya mfano. Hekta mbili zilizotunzwa vizuri, kila hekta ikitoa tani 15 za mikungu kwa mwaka, ni tani mbili na nusu kwa mwezi. Kwa bei ya rupia 2,000 kwa kilo, ni rupia milioni 5, kitu kama dola mia tatu na kidogo za Marekani. Toa ujira wa mvunaji, toa pikipiki na lori, toa makato ya mizani kwa ajili ya maji na uchafu, toa mbolea, toa deni. Kinachobaki kinalisha familia na kusomesha. Lakini wakulima wengi hawafikii hizo tani 15, kwa sababu mbegu walizonunua kwa mtu aliyepita na gari zilikuwa za kubahatisha: chikichi zake zina kokwa nene na nyama kidogo. Na hilo hulijui mpaka mwaka wa nne, mti ukiwa umeshazaa.

"Kijiji kilichozungukwa na michikichi hakiwezi kukosa mafuta ya kupikia."

Mwanzoni mwa mwaka 2022 kilikosa.

Kijiji kinauza mikungu, hakiuzi mafuta. Kiwanda hukamua mafuta ghafi, mafuta ghafi hupelekwa mjini kusafishwa, na chupa safi hurudi dukani kijijini kwa bei ya soko la dunia. Kigoma mama anaweza kuchemsha chikichi zake mwenyewe, akazikamua na kupikia mawese mekundu jioni hiyo hiyo. Jikoni mwa Sumatra na Java watu wamezoea mafuta meupe yaliyosafishwa, na kinu cha nyumbani hakipo.

Bei ya dunia ilipopaa, mwezi Januari 2022 serikali ilitangaza bei moja ya rupia 14,000 kwa lita. Mafuta yakapotea madukani, na akina mama wakapanga foleni katika nchi inayoongoza duniani kwa kuyazalisha. Halafu tarehe 28 Aprili serikali ikapiga marufuku kuuza nje mafuta ghafi na yaliyosafishwa. Nia ilikuwa kushusha bei ya jikoni. Wa kwanza kuanguka alikuwa mkulima: matangi ya viwanda yalijaa, viwanda vikapunguza kununua au vikafunga mageti, na mikungu iliyokuwa ikiuzwa zaidi ya rupia 3,000 kwa kilo ikaporomoka wiki hadi wiki. Mwezi Mei wakulima waliandamana hadi Jakarta. Marufuku iliondolewa tarehe 23 Mei, lakini matangi hayakupungua mara moja, na katikati ya mwaka kulikuwa na sehemu ambako kilo haikufika rupia 1,000. Mbolea nayo wakati huo ilikuwa imepanda maradufu.

Watu wa mijini walilikumbuka tukio lile kama uhaba wa mafuta. Vijijini ni mwaka ambao pikipiki za mkopo zilirudishwa kwa mwenye duka.

"Tatizo ni mnunuzi wa kati. Muondoe, mkulima atatajirika."

Mnunuzi wa kijijini, wanayemwita toke, hulipa chini ya bei ya kiwanda, na mizani yake haina mkaguzi. Hayo ni kweli. Mikoa inayolima michikichi ina kamati inayokutanisha serikali, viwanda na wakulima kupanga bei elekezi kulingana na umri wa miti, lakini bei hiyo inamlinda hasa mkulima mwenye mkataba na kiwanda. Aliyejipandia mwenyewe huuza kwa toke.

Lakini tazama anachofanya toke. Ananunua kilo 300 ambazo kiwanda hakiwezi kuzifungulia geti. Anapokea mikungu ya mbegu mbaya. Ana lori linalopita kwenye matope. Mtoto akilazwa saa nne usiku, yeye ndiye anayekopesha bila fomu, na kabla ya Idi hutoa pesa zitakazokatwa kwenye mavuno yajayo. Ushirika uliotaka kumwondoa bila kuchukua kazi hizo umekufa mara nyingi. Ushirika unaofaulu ni ule wenye lori lake, mkopo wa dharura na mtu anayepokea simu usiku.

"Ni kazi ya wanaume."

Kukata, ndiyo, mara nyingi. Kuokota chikichi zilizomwagika moja moja kwenye nyasi, kutia mbolea na kupuliza dawa ya magugu ni kazi za wanawake kwa sehemu kubwa. Kwenye mashamba ya makampuni mvunaji amewekewa kiwango cha siku, na asipokifikia ujira hupunguzwa. Basi huja na mkewe, pengine na watoto baada ya shule, wasaidie kufikisha. Jina lililoandikwa kwenye daftari la mshahara ni la mume peke yake. Hilo linaniuma kuliko mambo mengine yote ya mashamba haya, kwa sababu mafuta yale yanahesabiwa hadi kilo ya mwisho na kazi ya mwanamke haihesabiwi kabisa.

"Walichukua mbegu kwetu Kigoma."

Hili linasemwa sana Tanzania, hadi majukwaani. Miche minne ya michikichi ilipandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, Java, mwaka 1848, kabla Wajerumani hawajaanza kuitawala Tanganyika. Miwili ilipitia Amsterdam, miwili ilipitia visiwa vya Bahari ya Hindi, Mauritius au Reunion. Watoto wa miti hiyo walipandwa kama mapambo kwenye mashamba ya tumbaku ya Deli, Sumatra, na kilimo cha biashara kilianza mwaka 1911.

Afrika imo kwenye hadithi hii kwa njia nyingine, na kubwa zaidi. Mchikichi wenyewe asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati. Mwaka 1923 mbegu za mti maarufu kutoka Eala, Kongo, zilipelekwa Sumatra na kuingia kwenye uzalishaji wa mbegu bora. Watafiti wa Yangambi, Kongo hiyo hiyo, ndio walioeleza mwaka 1941 jinsi mti wa kokwa yenye ganda nene ukichanganywa na mti wa kokwa isiyo na ganda unavyozaa mche wa ganda jembamba, ambao leo umejaa Asia. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mdudu mdogo kutoka Kamerun alipelekwa kule kuchavusha maua, kazi ambayo kabla yake watu waliifanya kwa mikono. Tofauti iliyofuata ililetwa na utafiti usiokatika, barabara na viwanda.

"Wakulima wadogo ndio wanaochoma misitu", na "wakulima wadogo hawahusiki."

Zote mbili si kweli. Mwaka 2015 ziliungua hekta kama milioni 2.6, karibu theluthi moja zikiwa kwenye ardhi ya mboji, yaani udongo wa kinamasi uliotokana na mimea iliyooza, ambao sehemu kubwa ulikaushwa kwa mifereji, na Benki ya Dunia ilikadiria hasara ya zaidi ya dola bilioni 16. Moto uliwashwa kwenye ardhi za makampuni na za watu binafsi, na shule za vijiji hivyo zilifungwa kwa moshi. Ila anayedhani kuyasusia mawese kutaokoa misitu ajue kuwa hekta ya michikichi hutoa kama tani tatu za mafuta, na ya soya kama nusu tani.

"Mti ukishashika, mjukuu atavuna."

Baada ya miaka 25 hivi mchikichi umekuwa mrefu mno, mundu haufiki, mavuno yamepungua. Inabidi ung'olewe na kupandwa upya, na kung'oa ni kukaa miaka mitatu bila mapato. Miti ya wale waliohamia miaka ya 1980 na 1990 imefika umri huo kwa pamoja. Mwaka 2017 serikali ilianza kutoa ruzuku ya kupanda upya; ilikuwa rupia milioni 25 kwa hekta, ikawa 30, na mwaka 2024 ikapandishwa hadi 60. Wanaoipata hupanda mahindi au matikiti kati ya mistari ya miche wakati wa kungoja. Ruzuku hiyo inadai hati zinazoeleweka, na shamba lisiwe ndani ya eneo ambalo ramani ya serikali inaliita msitu. Aliyeko ndani ya mstari huo, hata kama baba yake alipanda hapo zaidi ya miaka thelathini iliyopita, hastahili kupewa chochote, na anaendelea kuvuna miti ile ile mirefu.