Ndege ya pangaboi si ndege ya kizamani

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu kila msimu wa watalii: eti ndege za pangaboi ziendazo visiwani ni za kizamani na si salama. Si kweli. Nyingi zina injini ya jamii ileile na ya jeti, ila nguvu yake huzungusha pangaboi, na zinaundwa hadi leo. Ya abiria 70 hivi hutosheka na njia ya kurukia ya kama mita 1,300, hivyo kisiwa kidogo hufikika. Kinachotisha watu ni mngurumo na mapanga yanayoonekana dirishani. Tafuta mtandaoni namba ya usajili iliyoandikwa ubavuni karibu na mkia. Utaona mwaka ilioundwa. Tafadhali, ujumbe huo usiusambaze.