Mafua Hayasubiri UE: Kukiandaa Chuo Kabla ya Masika

Chuo kikitaka kujiandaa kwa mafua, vitu vya kwanza kununuliwa ni vitakasa mikono na mabango. Vina kazi yake na nitavifikia. Lakini kama bajeti ni ndogo na muda ni mfupi, nguvu ziende kwanza kwenye mambo mawili: hewa ya vyumba, na ruhusa ya mgonjwa kubaki kitandani.

Sababu ni tabia ya kirusi chenyewe. Anayeambukizwa influenza, yaani mafua makali yenye homa, huanza kuumwa kati ya siku moja na nne baadaye, mara nyingi siku ya pili. Huanza kuambukiza wenzake siku moja hivi kabla hajajisikia vibaya, na huendelea kwa siku tano hadi saba tangu dalili zianze. Kwa hiyo anayekohoa Jumatatu kwenye ukumbi wa watu 300 anaweza kuwa na wenzake kitandani Jumatano, na wao watakuwa walishaketi na wengine Jumanne.

Wengi huniuliza msimu wa mafua kwetu ni upi. Katika nchi za joto influenza huzunguka mwaka mzima na kupanda zaidi nyakati za mvua au baridi. Kwa chuo cha Tanzania natazama vipindi vitatu: Oktoba na Novemba, mwaka wa kwanza wanaporipoti kutoka kila mkoa; masika, Machi hadi Mei, tunapofunga madirisha; na baridi ya Juni hadi Agosti, hasa Mbeya, Iringa na Njombe, ambayo huangukia karibu na UE, mitihani ya mwisho wa muhula.

Nianze na ruhusa. Utaratibu uliozoeleka ni huu: mwenye homa aende zahanati, apange foleni, apate ED (cheti cha kuruhusiwa kupumzika), aipeleke idarani, la sivyo alama za test zimepotea. Matokeo yake ni mawili, yote mabaya. Ama anakaa kwenye benchi saa mbili akiwakoholea wajawazito na wenye pumu, ama anameza panado mbili na kwenda kufanya test. Dawa ya hili ni barua moja ya Mshauri wa Wanafunzi kwa wakuu wote wa idara, itoke wiki ya kwanza ya muhula. Iseme kwamba mwenye homa na kikohozi atamtumia CR (mwakilishi wa darasa) ujumbe, atapima malaria, na kubaki chumbani hadi siku tatu bila ED, mara moja kwa muhula; zikizidi siku tatu, au ikiwa mara ya pili, aende zahanati. Atarudi darasani baada ya kukaa saa 24 bila homa na bila kumeza dawa ya kushusha homa. Muhimu kuliko yote, itaje tarehe ya kurudia test. Barua nyingi za aina hii hufa kwa sababu tarehe hiyo haimo, na mwanafunzi hawezi kuhatarisha alama zake kwa ahadi isiyo na siku.

Mgonjwa aliyebaki chumbani lazima ale. Akikosa chakula atashuka kafeteria tu, saa saba mchana, foleni ikiwa ndefu. Kafeteria ikubali mwenzake mmoja amchukulie chakula kwa kitambulisho chake, kwenye bakuli lenye mfuniko. Ni jambo dogo, na ndilo husahaulika.

Sasa mabweni. Chumba cha wanne kinapolaza saba kwa sababu ya kubebana, yaani wasio na vitanda kulala na wenzao, hakuna bango litakalosaidia. Naomba wasimamizi wasifanye msako wa wasio na vitanda wakati wa mlipuko: wagonjwa watajificha, na utakosa kujua ugonjwa uko wapi. Fanyeni linalowezekana. Wanaobebana walale mzungu wa nne, kichwa cha mmoja kwenye miguu ya mwenzake. Vitanda jirani navyo vipangwe hivyo hivyo, ili kati ya pua na pua ipatikane walau mita moja. Kwenye vitanda vya ghorofa, wa juu na wa chini waelekeze vichwa pande tofauti.

Kisha madirisha. Kabla ya masika, fundi wa chuo apite chumba kwa chumba akifungua na kufunga kila louva. Atakuta mikono iliyoshikwa na kutu, na vioo vilivyovunjika vikazibwa kwa boksi. Aguse na wavu wa mbu: wavu uliojaa vumbi na utando wa moshi unazuia hewa karibu kama ukuta. Ung'olewe, usuguliwe kwa brashi laini na maji ya sabuni, urudishwe. Mvua ikinyesha, louva za juu zibaki wazi zikiwa zimeinamishwa kuelekea nje. Maji hayaingii, hewa inapita. Kwenye kumbi, fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana. Pangaboi peke yake linazungusha hewa ile ile, na AC nyingi za ukutani hufanya vivyo hivyo: hupoza hewa ya ndani bila kuingiza ya nje. Ukumbi wenye AC ufunguliwe milango yote dakika kumi kati ya kipindi na kipindi. Semina ndogo zihamie kwenye vimbweta, yaani meza na viti vya saruji vya nje, kila hali ya hewa inaporuhusu.

Mikono inahitaji maji tiririka na sabuni, na mahali sahihi. Ndoo ya koki ikae kabla ya foleni ya chakula, maana aliyekwisha kushika sahani haendi kunawa. Ukikadiria nusu lita kwa mtu, ndoo ya lita 20 inatosha watu 40, hivyo kafeteria ya watu 400 kwa mlo inahitaji ndoo kumi zilizojaa, au ndoo tano na mtu aliyepewa kazi ya kuzijaza. Sabuni ya kipande itiwe kwenye wavu mdogo na kufungwa kwenye ndoo. Ya maji isiongezwe maji ili ifike mwisho wa wiki; ikiwa nyepesi haitakatishi, na vijidudu huweza kuota ndani ya chupa. Kibuyu chirizi, yaani dumu la maji linaloinamishwa kwa kukanyaga kamba, kinafaa nje ya vyoo visivyo na bomba.

Vyuo vyenye maabara vinaweza kutengeneza kitakasa mikono kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani. Kwa lita 10: ethanoli ya asilimia 96, mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 417, gliserini ya asilimia 98, mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi alama ya lita 10. Fuata mpangilio huo. Gliserini hung'ang'ania kwenye chombo cha kupimia, hivyo kisuuze kwa maji hayo ya kujazia na kuyamimina humo humo. Funika mara moja, tikisa, gawa kwenye chupa, halafu ziache saa 72 kabla ya kutumia, kwa kuwa peroksaidi iko pale kuua mbegu za bakteria zilizomo kwenye chupa. Makosa ninayoyaona zaidi ni mawili. La kwanza ni kupunguza gliserini: ngozi inapasuka na watu wanaacha kukitumia. La pili ni hatari: kununua spiriti za rangi za kuwashia au kusafishia, ambazo zinaweza kuwa na methanoli, na methanoli ni sumu. Kazi yote ifanyike mbali na moto, mahali penye hewa.

Vitasa na meza: klorini ya asilimia 0.1 inatosha. Ukiwa na Jik ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo 34 vya maji, ichanganywe upya kila siku, ikae dakika kumi kabla ya kufutwa. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya choo.

Chanjo ya influenza haimo kwenye ratiba ya kawaida ya chanjo za taifa, kwa hiyo chuo kitainunua. Shirika la Afya Duniani hutangaza muundo wake mara mbili kwa mwaka, Februari kwa kizio cha kaskazini na Septemba kwa cha kusini. Muulize muuzaji ana muundo gani na unaisha muda lini. Dozi ni mililita 0.5 kwenye msuli wa bega, na kinga huchukua wiki mbili hivi kujengeka. Ukitaka ikukute masika, chanja Februari. Dozi zikiwa chache, waanze wahudumu wa zahanati, wajawazito, wenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo, VVU, na wenye selimundu. Chanjo ikae nyuzi 2 hadi 8, katikati ya friji, si mlangoni wala kwenye ukuta wa barafu. Ikiganda itupwe, hata kama ikiyeyuka inaonekana nzima.

Zahanati: kila homa ipimwe mRDT (kipimo cha haraka cha malaria), hata kama mgonjwa ana kikohozi kinachoonekana wazi kuwa ni mafua. Kumtuma mwenye malaria akalale na panado ni kosa linaloua. Parasetamoli ni gramu 1 kila baada ya saa sita, isizidi gramu 4 kwa siku, na muulize amekunywa nini kingine, kwa kuwa dawa nyingi za mafua za mchanganyiko tayari zina parasetamoli ndani. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 18, na mwaka wa kwanza wapo. Amoksilini haigusi kirusi. Oseltamivir, miligramu 75 mara mbili kwa siku kwa siku tano, iwekwe kwa walio hatarini na walio mahututi, na hufanya kazi vizuri ndani ya saa 48 za kwanza. Nyungu haiui kirusi, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi kwenye kitanda cha ghorofa ni ajali ya moto iliyo tayari. Anayehema kwa shida, aliyechanganyikiwa, mwenye oksijeni chini ya asilimia 94, au aliyepata nafuu kisha homa ikarudi kwa kishindo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mwisho, daftari. Kila siku mhudumu aandike idadi ya waliokuja na homa ya nyuzi 38 au zaidi pamoja na kikohozi, dalili zikiwa zimeanza ndani ya siku kumi, na bweni wanalotoka. Jumlisha kila Ijumaa. Idadi ya wiki ikifika mara mbili ya wastani wa wiki tatu zilizopita, hamishia benchi la wakohoaji nje chini ya kivuli, wape barakoa, na mpigie Mganga Mkuu wa Wilaya kuhusu sampuli. Bweni moja likizidi mengine, msimamizi wake apigiwe simu jioni hiyo, aanze na louva.