Namba iliyo chini ya mistari

Geuza pakiti ya majani ya chai uitazame mgongoni. Ile michirizi myeusi na myeupe ndiyo msimbopau, au baakodi kama wengi tunavyosema. Watu hudhani ndani yake mna bei. Hamna. Mna namba tu, ile ile iliyochapwa chini ya mistari. Bei iko kwenye kompyuta ya duka, na mwenye duka anaweza kuipandisha jioni bila kugusa pakiti hata moja.

Kuifanya mashine isome mistari ilikuwa kazi ya mafundi. Kuhakikisha namba hiyo haijapewa bidhaa nyingine popote duniani ni kazi ya watu kukubaliana, na hiyo ndiyo iliyochukua miaka.

Marekani ilitangulia. Mwaka 1973 wafanyabiashara wa vyakula walichagua msimbo wa tarakimu 12, UPC, na tarehe 26 Juni 1974, mjini Troy, Ohio, pakiti ya chingamu ya Wrigley ikawa ya kwanza kusomwa kwa keshia. Ulaya ikafuata mwaka 1977: wazalishaji na wenye maduka wa nchi 12 wakaunda jumuiya ya EAN, makao Brussels, na namba yao ikawa na tarakimu 13. Kompyuta ya Ulaya ikikutana na namba ya Marekani huitia sifuri mbele, basi. Ya Marekani haikuwa na pa kuiweka tarakimu ya 13, kwa hiyo mzalishaji wa nje aliyetaka kuuza huko alilazimika kuomba namba ya pili. Maduka ya Marekani na Kanada yalijipa hadi Januari 2005 kurekebisha mitambo. Mwaka huohuo pande hizo mbili, zilizokuwa zikishirikiana rasmi tangu 1990, zikaanza kutumia jina moja: GS1.

GS1 humpa kila mwanachama tarakimu za kuanzia. Kenya ina 616, Tanzania 620, Oman 607. Hapa ndipo wengi hupotea, hasa wale wanaosambaza jumbe za “tambua bidhaa feki kwa namba”. 620 haisemi kuwa kitu kimetengenezwa Tanzania. Inasema mwenye chapa alichukua namba zake kwa GS1 ya Tanzania. Biskuti zilizookwa nchi nyingine kabisa zinaweza kuibeba kihalali. Na kabla Tanzania haijawa na tawi lake, wapo wazalishaji wake waliotumia namba za Kenya, bidhaa zao zikahesabiwa za jirani na kila aliyeamini tarakimu. Vitabu navyo vina “nchi” yao, 978, popote vilipochapwa.

Sasa, namba ikishakuwa moja, kompyuta mbili zinaweza kuandikiana. Huko ndiko kubadilishana data kielektroniki: supamaketi haipigi simu kuomba “katoni 40 za ile sabuni ya kijani”, bali kompyuta yake hutuma oda yenye namba ya bidhaa na idadi, na ya kiwandani huipokea bila mtu kuichapa upya. Muundo wa jumbe hizo, EDIFACT, ulitengenezwa chini ya Umoja wa Mataifa miaka ya 1980. Oda huitwa ORDERS, ankara INVOIC. EAN ikachukua kanuni hizo, ikazipunguza zitoshe biashara ya rejareja na kuzifunga na namba zake. Toleo hilo ni EANCOM.

Ukiona ujumbe wenyewe utadhani ni uchafu wa kompyuta, lakini kila alama ina sababu. Chukua tarehe. Kwetu 03/04 ni Aprili 3. Mmarekani husoma Machi 4, na mzigo wa maziwa hauwezi kusubiri mwezi mzima ili watu waelewane. Kwa hiyo EDIFACT huandika 20250403, kisha huongeza msimbo 102, maana yake: mwaka kwanza, mwezi, halafu siku.