Picha hii inaenda kukaa wapi? Kazi za oda za mchoraji wa kujitegemea

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "wewe unachora nini hasa?" na huwa sina jibu fupi, manake kazi za oda haziji kwa mstari mmoja. Mezani kuna jalada la riwaya, pembeni kitabu cha watoto kimefika katikati, hapohapo mtu anatuma meseji anataka michoro ya kuonyesha jinsi ya kufunga kichujio cha maji, na mtafiti mmoja anataka mbawakawa achorwe kwa wino, kila kinywele cha mguuni kionekane. Mkono ni uleule ila kazi ni tofauti kabisa. Wengi wanadhani tofauti iko kwenye staili, yaani hapa chora kikatuni pale chora kama picha ya kamera, lakini kwangu staili inakuja baadaye sana. Cha kwanza nataka kujua picha inaenda kukaa wapi, nani ataiangalia, na ataiangalia kwa muda gani. Mteja akishanijibu hayo, maamuzi mengi yanakuwa yameshafanyika kabla sijashika penseli.

Chukua vitabu vya picha vya watoto, ndo kazi ninayoipenda kuliko zote kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Vingi vina kurasa 32, na hiyo namba haikuokotwa tu, karatasi kubwa ikishachapwa inakunjwa na kukatwa, kurasa zinatoka kwa mafungu ya 8 au 16, kwa hiyo 32 inakaa vizuri bila karatasi kupotea. Ukitoa ukurasa wa jina, wa hakimiliki na vitu vingine vya mwanzo unabaki na kama jozi 12 mpaka 14 za kurasa zinazotazamana, na hadithi nzima lazima iingie humo. Ndo maana naanza na vijiboksi vidogo vya kurasa zote kwenye karatasi moja, nione hadithi inavyotembea, wapi patulie, wapi pawe na vurugu, wapi mtoto afunue akutane na kitu ambacho hakukitegemea. Kule kufunua ukurasa kuna nguvu kuliko hata rangi. Mbwa akiwa ananusa kitu mwisho wa ukurasa wa kulia, hicho kitu kisionekane hapo, kisubiri upande wa pili.

Halafu kuna pale katikati kurasa zinapokutana, pale panameza picha. Ukiweka uso wa mhusika hapo jicho moja linazama kwenye mkunjo na kitabu kikishachapwa huna la kufanya, kwa hiyo nyuso, mikono iliyoshikana na kitu chochote cha muhimu vinasogezwa pembeni mapema. Maandishi nayo yanataka sehemu iliyotulia, anga au ukuta, na sehemu hiyo inapangwa tangu kwenye skechi, sio maneno yaje kubandikwa juu ya majani mwishoni. Ila kazi kubwa kuliko zote ni kumfanya mhusika abaki yuleyule. Namchora kwa mbele, kwa ubavu, kwa mgongo, akicheka, akilia, akikimbia, shati lina vifungo vingapi, pengo liko upande gani, na hiyo karatasi inakaa mbele yangu mpaka kitabu kiishe. Mtoto ambaye hajajua herufi anasoma picha, tena anaisoma kwa makini kuliko mtu mzima anayemsomea, paka akiwa na mistari minne mkiani mwanzoni na mitatu mwishoni atauliza, na ana haki ya kuuliza.

Magazeti na majarida ni mbio za aina nyingine. Makala inakuja, wakati mwingine haijahaririwa hata, na picha inatakiwa kesho. Mara nyingi mada yenyewe haina umbo, upweke, madeni, wizi wa taarifa za watu mtandaoni, sasa utachora nini? Huwa nasoma makala mara mbili, naandika maneno yanayobaki kichwani, natoa skechi ndogondogo za penseli na kumtumia mhariri mawazo kama matatu achague. Zile za kwanza kuja huwa naziweka pembeni, balbu kwa maana ya wazo, mikono miwili kwa maana ya makubaliano, msomaji ameshaziona mpaka macho yake yanapita tu. Na picha isimalize makala. Kazi yake ni kumsimamisha mtu aanze kusoma, akishaanza maneno yanachukua zamu.

Jalada la kitabu lina ugumu wake. Zamani lilikuwa linashindana kwenye rafu, sasa hivi mara nyingi linaonekana kwanza kwenye simu likiwa dogo kama ukucha wa kidole gumba, kwa hiyo kila skechi ya jalada naipunguza mpaka saizi hiyo, kama sioni kinachoendelea basi ni umbo moja kubwa linahitajika na sio vitu kumi vizuri. Kama picha inazunguka mpaka nyuma, unahitaji upana wa mgongo wa kitabu, na huo unategemea idadi ya kurasa na unene wa karatasi, kwa hiyo usimalize kazi kabla mchapaji hajakupa kipimo. Nyuma nako acha nafasi ya msimbo wa mistari.

Sasa tuje kwenye michoro ya maelekezo, ambayo hakuna mtu anayeisifia na mimi naiheshimu sana. Jinsi ya kufunga kichujio, jinsi ya kunywa dawa, jinsi ya kutoka kwenye jengo moto ukitokea. Hapa uzuri ni kuondoa. Kwenye ile kazi ya kichujio, skechi ya kwanza ilikuwa na mtu mzima, sinki, bomba na ukuta nyuma. Ya mwisho ilibaki na mikono miwili, kifuniko, na mshale mmoja mnene unaoonyesha kinazungushwa upande gani, kila kitu kingine laini nyembamba ya kijivu. Mikono nayo inachorwa kutoka upande wa anayefanya kazi, sio wa anayemtazama, la sivyo mtu anageuza kushoto na kulia kichwani huku ameshika kifaa kinachovuja. Michoro ikiwa mitatu kwa mstari naweka namba hata kama mpangilio unaonekana wazi, kwa sababu anayesoma Kiarabu amezoea kuanzia kulia na kwake hatua ya mwisho inaweza kusomeka kama ya kwanza. Kisha naionyesha kwa mtu ambaye hajui chochote kuhusu kifaa, bila kumwambia neno, naangalia anafanya nini. Waliotutangulia walilichukulia hili kwa uzito, mwanasosholojia Otto Neurath na mchoraji Gerd Arntz walitengeneza maelfu ya alama za picha kuanzia Vienna, Austria, ili takwimu zisomwe hata na mtu asiye na elimu kubwa, na mbunifu wa Kijerumani Otl Aicher kwa alama za Olimpiki ya Munich ya 1972 alijenga wanamichezo wake wote kwa mistari ya wima, ya mlalo na ya mshazari, ukiona unajua huyu anaogelea na huyu anakimbia bila neno lolote.

Kuhusu yule mbawakawa. Watu wanauliza kwa nini mtafiti asipige picha tu. Kamera inakupa mdudu mmoja, yule aliyevunjika papasi (zile nyuzi mbili za kichwani) na kupauka rangi, wakati mtafiti anataka jinsi aina hiyo ilivyo, kwa hiyo unaangalia vielelezo kadhaa chini ya darubini, unapima, na kuchora mmoja anayewakilisha wote. Miguu yote sita inatoka kifuani, hakuna hata mmoja unaotoka tumboni, na ukiona mchoro wa mdudu una mguu tumboni basi mchoraji hakuangalia. Kwa kawaida mwanga unatoka juu kushoto ili michoro ya watu tofauti ilinganishwe kirahisi, vivuli vinajengwa kwa vidoto vya wino kwa sababu vidoto vinachapika safi hata kwa rangi nyeusi peke yake, na pembeni unaweka mstari wa kipimo, manake picha ikipunguzwa jaridani mstari unapungua nao na vipimo vinabaki kweli. Maria Sibylla Merian, mchoraji na mtafiti wa wadudu, alienda Suriname, Amerika Kusini, 1699 akachora viwavi na vipepeo pamoja na mimea wanayoila, hatua kwa hatua, na kazi yake ilitoka 1705. Mpaka leo ukiiangalia unaona mtu aliyekaa chini akatazama.

Vifungashio sitavisemea sana, ila jua kwamba unachora juu ya ramani ya boksi likiwa limefunuliwa bapa, na kitu kilichosimama kwako kinaweza kuwa kichwa chini boksi likikunjwa, kwa hiyo chapisha, kata, kunja kwa mkono uone. Storibodi za filamu na matangazo, yaani michoro ya kupanga matukio kabla ya kupiga picha, ni kasi tu, mtazamaji hatakuja kuziona kamwe, mchoro unatakiwa useme kamera iko wapi na inaenda wapi, basi. Picha za watu binafsi ni chache ila nzito, mtu anakuletea picha ya mama yake iliyofifia anataka aone uso tena, na hapo huwa naomba picha zingine hata za ndugu wa karibu, naomba anisimulie alikuwa anachekaje, kwa sababu sehemu iliyofifia siwezi kuijaza kwa kubuni tu.

Mambo ya faili yanachosha ila ndo yanayookoa kazi. Kwa kuchapa, nukta 300 kwa inchi, yaani A4 ni pikseli 2480 kwa 3508, na ziada ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kisu cha kukatia karatasi. Rangi za skrini ni mwanga na rangi za mashine ni wino, kijani kile kinachong'aa kwenye tableti hakipo kwenye wino wa kawaida, kwa hiyo angalia mapema kitakavyoshuka na umwonyeshe mteja prufu, yaani nakala ya majaribio, ya karatasi kabla hajaizoea ya kwenye skrini. Nembo, au mhusika atakayekaa kwenye kalamu na kwenye bango, achorwe kwa vekta, yaani kwa maumbo ambayo kompyuta inayachora upya kwa saizi yoyote na sio kwa pikseli, ili akuzwe bila kuharibika.

Kitu cha mwisho ni haki. Kwa nchi zilizo kwenye Mkataba wa Berne wa 1886, na ni karibu dunia nzima, hakimiliki inaanza pale kazi inapotengenezwa, hakuna kusajili. Ukiwa wa kujitegemea, mara nyingi unachouza ni ruhusa ya kutumia, sio picha yenyewe, kwa hiyo andika itumike wapi, kwa muda gani, kwa nakala za aina gani, na usome vizuri kipengele chochote kinachosema unakabidhi haki zote. Mchoro wa makala ukitakiwa baadaye kwenye fulana hayo ni matumizi mapya na malipo mapya. Andika pia marekebisho ni raundi ngapi (mimi mbili kwenye skechi, moja kwenye rangi), unalipwa nini kazi ikikatishwa katikati, na kama picha inaruhusiwa kufundishia programu za akili mnemba au hapana. Faili lenye leya zote, yaani tabaka za mchoro zilizotenganishwa, nalo liwe na mstari wake kwenye mkataba, mteja akilitaka lina bei yake, na kama halijatajwa anapokea picha iliyokamilika na leya zinabaki kwako.