Kibali cha Utafiti Si Kibali cha Kemikali: Kwa Wanafunzi wa Uzamili wa Kemia, Nyanda za Juu Kusini

Kila wanafunzi wa uzamili wanapomaliza kutetea mapendekezo yao ya utafiti na kutakiwa kuingia maabara, malalamiko huwa yaleyale: vibali vya kemikali vinachelewesha shahada. Sisi wa ofisi ya kanda ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ya Tanzania tunayachukulia kwa uzito, maana ada inalipwa kwa wakati na ufadhili una tarehe ya mwisho. Lakini sehemu kubwa ya ucheleweshaji huo inatokana na dhana moja, kwamba barua ya chuo ya kuruhusu utafiti inatosha kuagiza, kusafirisha na kutumia kila kemikali iliyotajwa kwenye sura ya tatu ya pendekezo, ile ya mbinu za utafiti. Haitoshi.

Barua ya chuo, au kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kwa mtafiti anayetoka nje ya nchi, inahusu utafiti wenyewe. Kemikali zina sheria yake, Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka yetu. Viuatilifu viko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Vyanzo vya mionzi viko chini ya Tume ya Nguvu za Atomu, na taka hatarishi ziko chini ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Kauli ya "ni chupa moja tu, ya utafiti" tunaisikia mno. Chupa moja haimwondolei mtu wajibu wa kuuliza kabla ya kuagiza.

Tawi la kemia unalosomea ndilo linaloamua utakutana na ofisi ipi, na hapa ndipo wanafunzi wengi wa Mbeya na Iringa wanapojikwaa. Wa kemia ogania anayechambua pareto ya Mufindi atahitaji viyeyushi kama heksani, metanoli na pengine diklorometani. Ajue pia kwamba pairethrini, viini vya pareto vinavyoua wadudu, huharibika kwa mwanga; maua yaliyoanikwa juani na kimiminika kilichowekwa kwenye chupa nyeupe vitampa majibu ya chini ambayo hayatokani na shamba. Wa kemia fizikia anayetengeneza kaboni hai, yaani mkaa wa kunyonya uchafu, kwa maranda ya Mafinga au kokwa za parachichi za Rungwe hutuambia hana kemikali, ana takataka za mbao tu. Ukimuuliza anaamshaje hiyo kaboni, anataja asidi fosforiki au haidroksaidi ya potasiamu kwa kilo. Hizo ni kemikali.

Wa kemia isokaboni anayefuata metali ya niobi katika miamba ya kabonatiti ya kilima cha Panda, jirani na Jiji la Mbeya, akumbuke kwamba madini yanayobeba niobi mara nyingi huwa na uraniamu na thoriamu ndani yake. Aulize Tume ya Nguvu za Atomu kabla ya kusaga mawe, na Tume ya Madini kabla ya kutuma sampuli nje ya nchi. Wa biokemia anayegusa damu au mkojo wa binadamu aanze na kamati ya maadili. Hilo naamini wasimamizi wanalijua.

Kemia ya uchambuzi ndiyo inayotupa hofu kubwa zaidi, kwa sababu ya machimbo ya dhahabu ya Chunya.

Wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki kwanza, kisha marudio, yaani mabaki ya mchanga huo, huoshwa kwa sayanaidi. Kwa hiyo sampuli moja ya maji au tope kutoka kwenye mwalo, mahali pa kuoshea dhahabu, inaweza kubeba vyote viwili. Mwanafunzi aliyefundishwa kupima metali anajua kanuni moja: tia asidi nitriki mpaka pH ishuke chini ya 2, funga chupa, peleka maabara. Kwa risasi na kadimiamu ni sahihi, na sampuli hiyo inaweza kukaa miezi 6. Kwa zebaki pia asidi inatumika, ila chupa iwe ya kioo na kipimo kifanyike ndani ya siku 28. Lakini asidi hiyohiyo ikimiminwa kwenye maji yenye sayanaidi huzalisha gesi ya haidrojeni sayanaidi, ambayo inaua. Chini ya pH 9.2 zaidi ya nusu ya sayanaidi huru iliyomo huwa tayari iko katika hali hiyo. Sampuli ya sayanaidi hutiwa haidroksaidi ya sodiamu hadi pH ipite 12, huwekwa gizani na kwenye ubaridi wa nyuzi 4, na hukaa kwenye chupa yake peke yake. Tunaomba wasimamizi walisimamie hili kwa macho yao wenyewe. Karatasi ya maelekezo haitoshi. Mwanafunzi anayefungua kasha la sampuli ndani ya chumba kidogo hana nafasi ya kusahihisha kosa hilo.

Sasa utaratibu, kwa kuwa ndiko kwenye maswali mengi. Anayetambuliwa kama mtumiaji wa kemikali ni taasisi, hivyo hatua ya kwanza ni kumuuliza mkuu wa maabara kama usajili wa chuo upo na haujaisha muda. Pili, andaa orodha yenye jina la kemikali, namba yake ya CAS (ya utambulisho wa kimataifa wa kemikali), usafi, ujazo na matumizi. Usiandike "asetoni kiasi". Andika asetoni, 67-64-1, lita ngapi, kwa kazi gani. Tatu, ambatisha ankara kifani (proforma) ya muuzaji pamoja na karatasi ya taarifa za usalama yenye sehemu zote 16. Karatasi ya ukurasa mmoja iliyonakiliwa mtandaoni itarudishwa, na itakaporudishwa usiseme ofisi imekukwamisha. Nne, maombi huwasilishwa na taasisi, na malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, kamwe si kwa simu ya mtu. Tano, kibali kitoke kabla mzigo haujaondoka kwa muuzaji. Mzigo uliofika bandarini au mpakani Tunduma bila kibali huzuiwa, na gharama za kuhifadhi, kurudisha au kuteketeza ni za mwagizaji. Mbali na hayo, kukiuka sheria kunaweza kuleta faini, kifungo au vyote viwili.

Asetoni, toluini, etha, asidi haidrokloriki, asidi sulfuriki, pamanganeti ya potasiamu na anhidridi ya asetiki ni kemikali bashirifu zilizoorodheshwa kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988. Zinaweza kutumika kutengeneza dawa za kulevya, ndiyo maana Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya nayo inazifuatilia. Kumbukumbu za matumizi yake ziandikwe kila siku: nani alichukua, kiasi gani, kilichobaki. Hatumshuku mwanafunzi. Tunachotaka ni kwamba chupa ikipotea ijulikane siku hiyohiyo.

Kuhusu usafiri, tunasema wazi. Asidi nitriki haisafiri kwenye buti la basi la abiria kutoka Dar es Salaam, ikiwa imevishwa mfuko na kukabidhiwa kwa kondakta. Ni kioksidishaji, ikivuja juu ya nguo, magunia au mbao inaweza kuwasha moto, na basi hilo lina watu na lina mlima Kitonga wa kupanda. Tumieni msafirishaji aliyesajiliwa kwa kemikali. Kama bei ni kubwa, wanafunzi wa chuo kimoja waagize kwa pamoja.

Maabara zetu hupokea sampuli za watafiti kwa ada. Hata hivyo ada inalipia kipimo. Hailipii namba inayokubaliana na nadharia tete yako, na ombi la "kuangalia tena mpaka ikae sawa" halitajibiwa.

Mwisho ni mabaki. Diklorometani na viyeyushi vingine vyenye halojeni vikae kwenye chombo chake, visivyo na halojeni kwenye chake, na asidi nitriki isichanganywe kamwe na asetoni wala ethanoli, maana mchanganyiko huo unaweza kulipuka. Etha iliyofunguliwa iandikwe tarehe, kwa sababu hujenga peroksaidi, ambazo zinaweza kulipuka, kadiri inavyokaa. Kabla msimamizi hajasaini tasnifu, achukue orodha ile ya mwanzo, aingie stoo na mwanafunzi wake, wahesabu kilichobaki, wakiandike kwa jina la taasisi na kuomba utaratibu wa uteketezaji kwa kile kisichohitajika tena. Chupa isiyo na lebo wasiifungue ili kuinusa. Waiache ilipo na watoe taarifa ofisi ya kanda.