Kigae cha Kale: Tazama Kwanza Kilipovunjika

Mtu akiniletea kigae cha kale, aghalabu hunigeuzia upande wenye nakshi. Mimi huomba kwanza nione pale kilipovunjika, kwa kuwa ndipo kazi ya mfinyanzi ilipobaki wazi.

Chukua vyungu vya Urewe, vilivyopewa jina la mahali huko Siaya, magharibi mwa Kenya, ambavyo wafinyanzi walianza kuvitengeneza takriban miaka 2,500 iliyopita, na ambavyo vigae vyake huokotwa kuzunguka Ziwa Victoria hadi Rwanda na Burundi. Maandishi ya kitaalamu ya mwaka 1948 yalivitambulisha kwa kibonyo cha kitakoni, kwani baadhi yake vina kishimo kilichobonyezwa katikati ya kitako udongo ungali mbichi. Kibonyo hicho kimeandikwa sana. Mvunjiko, kwa maoni yangu, haujapewa haki yake.

Kigae cha chungu kilichochomwa bila tanuri mara nyingi huwa chekundu nje na ndani, huku katikati ya unene wake pakiwa na mstari mweusi kama mkaa. Weusi huo ni mabaki ya mimea yaliyokuwa ndani ya udongo, ambayo hayakuungua yakaisha kwa sababu moto wa kuni na nyasi huwaka kwa nguvu lakini kwa muda mfupi. Ndani ya mvunjiko huohuo utaona chembe za mchanga, na pengine vipande vya vyungu vya zamani vilivyopondwa. Mfinyanzi alivichanganya ili udongo usipasuke unapokauka, na ili mvuke upate pa kutokea wakati wa kuchoma. Ikiwa chungu kilijengwa kwa kamba za udongo zilizopandishwa moja juu ya nyingine, ufa nao hupenda kufuata maungio ya kamba hizo.

Matumizi nayo huacha alama: masizi nje, ukoko ndani, na mafuta yaliyonyonywa na udongo wenyewe. Ni kwa kupima mafuta hayo ndipo ilipothibitika kwamba wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania walitia maziwa katika vyungu vyao. Kwa hiyo ukikutana na kigae shambani, nakusihi usikisugue wala kukiosha. Kiache palepale, kisha uwaarifu watu wa makumbusho.